Glasi ya Beatrice Warde na sanduku lililoishiwa k



Leo sileti kitabu kipya. Naleta hotuba moja ya mwaka 1930, fupi, unaweza kuimaliza wakati unangoja zamu yako kwenye sekretaria. Aliyeitoa ni Beatrice Warde, mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi London, na aliitoa mbele ya watu wa kazi ya kuchapa. Baadaye ilijulikana kwa jina la The Crystal Goblet, yaani glasi ya kioo safi. Watu wengi wanaojifunza tipografia, ile kazi ya kuchagua na kupanga herufi, wanaambiwa waanzie hapo.

Mimi niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliikubali yote. Mara ya pili nilikuwa na wino mweusi kwenye vidole, nikaanza kubishana nayo. Nataka kuwaambia ni nini kilibadilika hapo katikati, kwa sababu jambo hilo linagusa hata hiyo TFC iliyo kwenye kle yako sasa hivi.

Kwanza, anachosema. Warde anatuwekea glasi mbili mezani, zote zina divai nzuri. Moja ni ya dhahabu, imechongwa kwa ufundi mkubwa. Nyingine ni ya kioo, nyembamba, haina rangi, haina pambo. Mtu anayetaka kuonyesha utajiri atachukua ya dhahabu. Mtu anayejua divai atachukua ya kioo, kwa sababu inamwonyesha kilicho ndani. Hata mguu wa glasi una kazi yake: unazuia vidole visichafue kioo, kama vile pambizo za ukurasa zinavyoyapa vidole mahali pa kushika bila kufunika maneno. Basi, anasema, maandishi yaliyochapwa vizuri ni yale ambayo msomaji hayaoni. Anaona wazo tu. Ukianza kusifu herufi, ujue mchapaji ameshindwa.

Tuwe wakweli, hapa kwetu somo hilo tunalihitaji sana. Nani hajaona TFC ambayo ukurasa wake wa kwanza umezungushiwa maua, jina la chuo limepinda kama upinde wa mvua, kichwa cha kazi kina kivuli, na jina la mwandishi limeandikwa kwa fonti ya kadi ya arusi? Kabla hujajua kama kazi inahusu malaria au kodi ya soko, macho yako yamekwisha kuchoka. Ile ni glasi ya dhahabu. Inasema, "Niangalieni mimi." Na mara nyingi, tuseme ukweli kati yetu, tunaipamba glasi tukiwa na mashaka na divai.

Kwa hiyo niliposoma Warde mara ya kwanza nilisema ameniona. Nilikuwa na TFC yangu mbele yangu, nikafuta maua yote. Nikaweka Times New Roman 12, kama wanavyotaka wengi, nikasema sasa kioo kimekuwa safi.

Hapo ndipo nilipokosea. Hapo ndipo pia ubishi wangu na mama huyu unapoanza.

TFC yangu ilihusu maneno ya Lingala ambayo watu wa mji wetu wa mashariki wanayaingiza katika Kiswahili chao cha kila siku. Kazi kama hiyo haiwezi kwenda bila alama za sauti. Chukua mfano ambao kila mwalimu wa Lingala anautoa: moto ni mtu, motó, sauti ikipanda mwishoni, ni kichwa, mɔ́tɔ, kwa ile o iliyofunguka, ni moto wa kuwaka. Maneno matatu, maana tatu. Nyumbani, kwenye mashine ya rafiki yangu, yote yalionekana sawa. Nikapeleka kle sekretaria, foleni ndefu, umeme wa kubahatisha, kijana wa pale akafungua faili kwenye mashine yake ya zamani, akachapa nakala 5, akafunga kwa gundi. Sikufungua ndani. Nani anafungua ndani saa mbili usiku wakati mwisho wa kuweka kazi ni kesho asubuhi?

Siku ya kutetea kazi, mmoja wa juri akafungua ukurasa ambao ulikuwa moyo wa kazi yangu yote. Pale palipokuwa na maneno matatu palikuwa na moto, motó, na baada yake herufi m, kijisanduku kitupu, t, kijisanduku kitupu. Kwenye kurasa zilizofuata vijisanduku vilikuwa vimejaa kama matofali. Akauliza, "Mwanafunzi, hii nayo ni lugha gani?" Oditwari nzima ikacheka. Nilijaribu kueleza. Akasema kazi ambayo mwenyewe hakuisoma tena haiwezi kusomwa na wengine. Pointi zikaondoka. Kosa lilikuwa langu pia, sikatai. Lakini nilibaki na swali: nilifanya kama Warde alivyosema, nilitafuta glasi isiyoonekana, sasa kwa nini glasi yenyewe ndiyo iliyomwaga divai?

Jibu sikulipata kwenye kompyuta. Nililipata kwenye risasi.

Baada ya masomo, miezi ile ya kukaa bila kazi ambayo wote tunaijua, nilianza kupita kwenye empirimeri moja ya zamani ambayo ilikuwa imebaki na mashine moja ya kuchapa kwa herufi za risasi, ile inayokanyagwa kwa mguu. Kulikuwa na mzee mmoja pale, wote walimwita Papa tu. Alikuwa amefanya kazi ya kupanga herufi tangu ujana wake. Hakuna aliyekuwa akimletea kazi kubwa tena: kadi za mwaliko, risiti, bahasha. Nilimwomba anifundishe. Aliniangalia mikono kwanza, halafu akasema, "Kuja kesho. Usivae shati nyeupe."

Kwa wale ambao hawajawahi kuona, kazi inaenda hivi. Kila herufi ni kijiti kidogo cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Kichwani pake herufi imesimama, lakini imegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Ubavuni kuna kikato kidogo, ili kidole kijue upande wa juu na wa chini bila jicho kuangalia. Vijiti vyote vinakaa kwenye sanduku pana lenye vyumba vingi, Papa aliliita kase. Mkono wa kushoto unashika kifaa cha chuma kama sahani ndefu, komposta, na mkono wa kulia unaokota herufi moja moja. Unapanga kutoka kushoto kwenda kulia, lakini maneno yako kichwa chini. Siku ya kwanza, b, d, p na q zilinifanya nijisikie kama mtoto wa darasa la kwanza. Asubuhi nzima, mistari 6.

"Weye unasoma kama muteja," Papa aliniambia. "Hapa hatusome. Hapa tunapima."

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba nafasi kati ya maneno nayo ni kitu. Ni kipande cha risasi, kifupi kuliko herufi ili kisiguse wino. Mstari usipojaa kabisa, herufi zinalegea, na ukiinua, kazi ya asubuhi inamwagika chini kama mchele. Kwa hiyo unaongeza nafasi hapa, unapunguza pale, hadi mstari usimame wenyewe. Mtu aliyefanya hivyo hata mara 10 hawezi tena kubonyeza ile alama ya kunyoosha pande mbili kwenye kompyuta bila kujiuliza nafasi zimeenda wapi. Kiswahili kina maneno marefu: hawakutufundisha, yaliyoandikwa, watakapowasilisha. Ukiyanyoosha pande mbili bila kuyakata, mstari unabaki na mashimo. Papa aliyakata. Na kuyakata ni rahisi kuliko Kifaransa, kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali: ya-li-yo-a-ndi-kwa. Miaka yote ya shule sikuwa nimeliona hilo. Niliona kwa vidole.

Jambo la pili ndilo lililonirudisha kwa Warde.

Wiki ya tatu Papa alinipa kazi ya kweli: kadi ya mwaliko wa arusi, kwa Kiswahili. Nilikuwa naenda vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwenye mstari wa saba nikapeleka mkono kwenye chumba cha k, nikakuta patupu. Nikafikiri nimeangusha. Nikainama, nikatafuta chini ya meza. Papa akacheka hadi akakohoa.

"Mutoto, usitafute. Zimeisha. Hii polisi ilitoka Bulaya." Polisi ya herufi, si ile ya barabarani, ndivyo fonti inavyoitwa kwa Kifaransa. "Ilikuja kwa Kifaransa. Bale habana kazi na k."

Fikirini kidogo. Herufi za risasi zinauzwa kwa hesabu. Aliyezitengeneza anajua lugha ya mnunuzi: herufi inayotumika sana anaweka nyingi, inayotumika kidogo anaweka chache. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. "Les enfants vont couper du bois." Herufi 26. Ndani yake e ni 3, a ni 1, k hakuna, w hakuna. Semeni jambo hilohilo kwa Kiswahili cha kitabu: "Watoto wanakwenda kukata kuni." Herufi 26 vilevile! Lakini e ni 1, a ni 6, k ni 4, w ni 3. Mzigo ni uleule, mabega yanayobeba ni mengine. Sanduku lililopangwa kwa ajili ya sentensi ya kwanza litakufa njaa kwenye sentensi ya pili, ukurasa wa kwanza haujaisha.

Nilimuuliza Papa, wakati ule mlifanyaje? Akanionyesha njia mbili. Ya kwanza: kuazima k kutoka sanduku lingine. Walikuwa na sanduku la asili ya Uingereza, lakini herufi za Kiingereza zina kimo cha milimita 23.3 na kidogo, wakati zile za kipimo cha Kifaransa zina zaidi ya 23.5. Robo ya milimita. Kwa macho huioni. Kwa mashine ni shimo: k inabaki chini, haigusi karatasi vizuri, inatoka imepauka. Basi walikata vipande vya karatasi nyembamba, wakaviweka chini ya kila k, kimoja kimoja. Na bado k zile zilikuwa nene kuliko jirani zake.

Njia ya pili ilininyamazisha. "Tulikuwa tunaomba mutu abadilishe neno," alisema. Karamu ikawa sherehe. Karibuni ikawa njooni. Kwa njia hiyo wanapunguza k. Alisema kama mtu anayesimulia ujanja wa kazi, kwa furaha. Mimi nilisimama pale na komposta mkononi. Kumbe kuna kadi za arusi katika mji wetu ambazo maneno yake hayakuchaguliwa na bwana arusi wala bibi arusi wala wazazi. Yalichaguliwa na sanduku.

Usiku ule nikasoma Warde mara ya pili.

Nikaona kitu ambacho hakisemi, kwa sababu kwake hakikuhitaji kusemwa. Anapozungumzia glasi, glasi iko tayari mezani. Swali lake ni moja tu: utachukua ya dhahabu au ya kioo? Haulizi kama iko glasi inayotosha divai yako. Kwa Kiingereza hana sababu ya kuuliza: herufi zote zipo, kwa hesabu inayotakiwa, kwa kimo kinachotakiwa. Kutoonekana ni starehe ya mtu ambaye kila kitu chake kimekwisha kupimwa na wengine kabla hajafika. Mtu huyo anaweza kusahau glasi. Sisi tukisahau glasi, tunapata vijisanduku.

Na angalieni mwaka. 1930, katika London hiyohiyo, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilitoa tena kijitabu chake cha namna ya kuandika lugha za Afrika. Humo ndimo zilimopendekezwa ɛ na ɔ na ŋ, kwa hoja kwamba herufi mpya yenye umbo lake ni bora kuliko kurundika alama juu na chini ya herufi za zamani, maana alama hizo zinasumbua wakati wa kuandika, kusoma na kuchapa. Mwaka huohuo, Afrika ya Mashariki, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya maeneo ya Waingereza, ile iliyosimamia namna moja ya kuandika Kiswahili. Kwa hiyo wakati Warde anasema herufi zisionekane, kulikuwa na watu wengine, hata mtaa si mbali, waliokuwa wanabishana herufi zetu ziwe na sura gani. Kwao herufi zilikuwa bado zinaonekana sana. Simlaumu kwa kutowataja. Nasema tu kwamba hotuba yake ni nusu ya mazungumzo, na nusu nyingine ndiyo inayotuhusu.

Mtu ataniambia: unamwonea. Alizungumza na Waingereza kuhusu vitabu vya Kiingereza. Ni kweli. Tena nitaongeza jambo la kumtetea, na utetezi huu ndio unaonisaidia zaidi.

Maisha yake mwenyewe yanapinga kauli yake. Kabla ya hotuba ile alikuwa anaandika kwa jina la mwanaume, Paul Beaujon. Kwa jina hilo, mwaka 1926, alichapisha uchunguzi uliowashangaza wataalamu: herufi ambazo watu wote walikuwa wakiamini ni kazi ya Claude Garamond, fundi mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 16, kumbe zilikuwa za fundi mwingine aliyekuja baadaye, Jean Jannon wa Sedan. Alijuaje? Kwa kuangalia. Aliangalia herufi moja moja, akalinganisha, akatafuta karatasi za zamani Paris hadi akampata mwenye herufi. Kisha kampuni ya Monotype ikamtaka Paul Beaujon kwa kazi, na aliyefika alikuwa mwanamke kijana.

Basi yule anayetufundisha kwamba herufi hazitakiwi kuonekana alipata jina lake kwa kuona herufi ambazo wengine walizipita. Yule anayesifu kutoonekana alikuwa amejificha nyuma ya jina lisilo lake. Alijua bei yake. Hata ndani ya hotuba anakubali kwamba kazi hii ni ngumu na kwamba ufundi wake mwingi utaonwa na mafundi wenzake tu. Na mwaka 1932, alipotaka kuonyesha fonti moja mpya ya kampuni yake, Perpetua, aliandika tangazo la ukutani la kusifu nyumba ya kuchapa, herufi kubwa, wazi, za kuonekana toka mbali. Hakuna glasi ya kioo pale. Ni ngoma.

Kwa hiyo mimi nairekebisha hotuba yake hivi: msomaji asione herufi, sawa, lakini ili asizione, lazima mtu mwingine aziangalie sana kabla yake. Kutoonekana si kitu cha kuanzia. Ni mshahara wa kazi ya mtu. Papa, akiweka karatasi chini ya kila k, alikuwa anatengeneza kioo. Mgeni wa arusi aliyesoma kadi hakuona kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa ushindi wa Papa. Kijana wa sekretaria hakuangalia, mimi sikuangalia, na kila mtu oditwari aliona.

Sasa mutaniuliza, mambo ya risasi yanatuhusu nini, sisi watu wa kompyuta? Kompyuta haiishiwi k. Ni kweli, kwa Kiswahili tumepona. Lakini lile sanduku bado lipo, limehamia ndani. Angalieni kibodi ya Kifaransa tunayotumia: é ina kitufe chake, è ina chake, à na ç vilevile. Wapi ɔ? Tena, katika hesabu ya kimataifa ya herufi za kompyuta, é imepewa namba yake moja, imekaa kama mtu na nyumba yake. Ile ɔ́ haina. Inajengwa kila mara kwa vipande viwili, ɔ na alama ya juu, na ni juu ya fonti kujua alama ikae wapi. Fonti isiyojua inaitupa pembeni, au inaleta kijisanduku. Ni k iliyoazimwa, kwa mara nyingine.

Na hiyo Times New Roman tunayolazimishwa? Ilitoka Monotype hiyohiyo ya Warde, chini ya Stanley Morison, kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932. Ilitengenezwa kwa safu nyembamba za gazeti. Sisi tunaitandika kwenye A4 nzima, mstari wenye herufi karibu 90, wakati Robert Bringhurst, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 ni kama katekisimu ya watu wa tipografia, anashauri kati ya 45 na 75. Njo maana juri wanasinzia! Fonti haina kosa. Ni glasi ya divai tuliyoijazia bukari.

Kwa wale wanaomaliza mwaka huu, haya ndiyo niliyotoka nayo kwa Papa, yatawasaidia zaidi ya nadharia.

Kama kazi yako ina neno la Lingala, Kiluba, Mashi au lugha yoyote yenye alama, anza kwa kuandika maneno yako 10 magumu zaidi kwenye ukurasa mmoja. Yachape kwenye mashine ileile itakayochapa kazi nzima. Yaangalie kwa jicho la Papa, si la muteja. Hiyo ni karatasi ya kujaribia. Kwake hakuna kazi iliyotoka bila hiyo.

Chagua fonti iliyopimwa kwa ajili yetu. Zipo, na ni za bure: Charis, Gentium, ambayo jina lake kwa Kilatini ni "ya mataifa", na moja iliyotengenezwa kwa watu wanaojifunza kusoma, inayoitwa Andika. Ndiyo, andika, neno letu wenyewe. Kama idara yako inadai Times New Roman tu, muulize direkta wako mapema, na umwonyeshe ukurasa wa vijisanduku. Sijaona bado direkta anayebishana na ukurasa ule.

Usipeleke faili la kuandikia sekretaria. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, hapo mashine ya pale haiwezi kukubadilishia kitu. Punguza upana wa mstari kama unaruhusiwa. Na kabla ya gundi, fungua ndani. Hata kama ni saa mbili usiku.

Hukumu yangu juu ya hotuba ya Warde, basi. Isomeni. Ni nzuri, ni fupi, na kwa maua yetu ya ukurasa wa kwanza ni dawa. Lakini msiisome kama mimi nilivyoisoma mara ya kwanza, mkifikiri kioo safi ni kitu cha kuchagua kwenye orodha ya kompyuta. Kwa lugha zetu nyingi glasi bado iko kwa fundi. Mwingine ameshatengeneza mguu, mwingine ametengeneza nusu ya bakuli. Ambaye hataki kuiangalia, akisema herufi ni mambo madogo, huyo ndiye atakayeombwa abadilishe neno.

Kadi ile ya arusi niliimaliza. Papa alinipa k tisa za Kiingereza na mkasi. Nilikata vipande tisa vya karatasi, nikaviweka chini yake, kimoja kimoja, nikakanyaga mashine. Karatasi ya kujaribia ilitoka na k mbili bado zimepauka. Nikakata vingine viwili. Mara ya pili zilitoka zote nyeusi, na katikati ya kadi, kwa herufi kubwa kidogo, liliandikwa neno ambalo mama wa bibi arusi alilitaka tangu mwanzo: karibuni.